Uboho wa Mchumba: Sehemu ya Tisa, Siku ya Sifuri

Kufuli lilibanwa, likalia.

Hapo ndipo tulipoachana, na wiki nzima simu yangu haikupoa. Mama mmoja wa Magomeni kanipigia kuniuliza nina roho gani ya kumfungia binti wa watu ndani halafu nikaenda zangu kulala. Mama, si mimi niliyefunga. Aliyefunga ni bibi yake mzaa baba, Bi Hamdiya, na ufunguo kaufundika kwenye pindo la kanga yake mwenyewe.

Aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita asinune, nitamwambia kwa ufupi. Anfal ana miaka ishirini na minne. Mchumba wake ni Ghanim, mtoto wa ami yake, na wote wawili wamelelewa na Bi Hamdiya. Ghanim amelazwa hospitalini Upanga, kwenye chumba ambacho hata nzi haingii. Uboho wake, ule ulaini wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, uligoma. Ukoo mzima ukapimwa. Ghassan, mdogo wake Ghanim, akalingana nusu, madaktari wakasema haitoshi. Aliyelingana mia kwa mia ni Anfal, na wala msishangae, ukoo huu unaoana wenyewe kwa wenyewe tangu enzi za babu yao.

Basi siku sita Ghanim amepigwa dawa za kuua uboho wote uliobaki, ili mpya upate pa kukaa. Na siku tano Anfal amechomwa sindano za kuzifukuza seli shina, zile zinazozaa damu, kutoka mifupani ziingie kwenye damu, mashine izichote. Leo ndiyo siku yenyewe. Madaktari wanaiita siku ya sifuri.

Anfal alipanda ghorofani mara moja tu, kuchukua kitambulisho. Mkoba na simu kaviacha chini, kwenye gari la Ghassan. Akageuka kutoka, akakuta geti la nondo la mlangoni limefungwa, na ng'ambo yake Bi Hamdiya kaketi kwenye kiti cha plastiki, tasbihi mkononi.

"Bibi, umefunga mlango."

"Najua."

"Mashine inanisubiri saa tano."

"Iache isubiri."

Anfal alidhani anataniwa. Akashika nondo, akatikisa. Geti halikucheza. Nyonga zilimvuta kwa maumivu, maana sindano zile hufanya mifupa iwake moto kwa ndani, na tangu juzi alikuwa akitembea kama mzee.

"Bibi, Ghanim hana uboho. Hana hata kidogo. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Kaa chini, utaanguka."

Alikimbilia dirishani. Ghorofa ya nne, Mtaa wa Sikukuu. Chini aliliona paa la gari la Ghassan limebanwa kati ya mikokoteni miwili, na honi ikipigwa kwa haraka. Aliita jina la Ghassan kwa nguvu zote. Lakini pale chini spika tatu zilikuwa zinashindana, moja inauza mashuka, moja viatu, ya tatu inatangaza sumu ya panya. Nani wa kumsikia? Hata wewe msomaji ungepita zako.

Alirudi getini.

"Niambie nimekukosea nini."

"Hujanikosea. Nakulinda." Bi Hamdiya alisogeza kiti karibu. "Ukimpa uboho wako, damu yote itakayozunguka mwilini mwake itakuwa yako. Daktari amesema hivyo au hakusema?"

"Amesema."

"Basi mmekuwa ndugu. Ndugu haoi nduguye. Harusi imekufa."

Siku zote hizi bibi alikuwa akiitikia kila neno la daktari, akimpikia Anfal supu, akimsugua magoti kwa mafuta ya nazi. Kumbe moyoni anapika lake.

"Bibi, udugu wa namna hiyo ni wa kunyonya maziwa. Na ni kwa mtoto mchanga, kabla hajafika miaka miwili. Ustadhi Rajabu nilimuuliza, akasema damu haimo."

"Rajabu nimemfunga nepi mimi. Atanifundisha nini?"

"Dini haiangalii nepi."

"Maziwa yanatoka wapi kama si kwenye damu? Haya, nijibu, wewe uliyesoma."

Anfal aliamua kuingia kwa mlango mwingine.

"Tangu Ramadhani Ghanim kaongezewa damu chupa tisa. Unamkumbuka Elisaria, yule fundi wa friji wa hapo chini? Chupa moja yake. Nyingine ya askari mmoja Mmakonde. Nyingine tatu za kwaya ya kanisani kwa jirani zetu kina Sitara, watatu kwa mpigo. Hao wote sasa ni wajukuu zako?"

Kidogo bibi acheke. Anfal aliliona tabasamu linapita pembeni ya mdomo, likarudi lilikotoka.

"Damu ya chupa inaisha," alisema Bi Hamdiya. "Uboho hauishi. Huo ni mbegu."

Tasbihi ikasimama.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," alisema. "Mchumba wangu aliitwa Salum, si babu yako, huyo alikuja baadaye. Nilimpenda, Anfal. Nakwambia leo kwa sababu wote wa kunicheka wameshakufa. Usiku wa hina, hina haijakauka, akaja mwanamke kutoka Ilala, akaapa mbele ya mama yangu kuwa aliwahi kuninyonyesha mimi na Salum tukiwa wachanga. Basi. Pilau wakala majirani. Miaka hamsini sasa namwona Salum anapita dukani kwangu, ananisalimia 'dada'."

Bibi huyu Anfal alimjua kwa ukali, kwa uchaji, kwa kuhesabu vijiko baada ya kila shughuli. Huyu wa hina mkononi hakuwahi kumwona. Alimhurumia, na bado alitaka kulivunja lile geti.

"Pole, Bibi."

"Sitaki pole. Sitaki wewe umuite Ghanim kaka."

"Atakuwa maiti. Maiti nitamwita nani?"

"Hawi maiti." Bi Hamdiya alisema kwa utulivu ambao ulimtisha Anfal kuliko kelele. "Seli shina zake zipo. Nimezinunua mwenyewe."

Haya. Shika kiti chako hapo ulipo.

"Umenunua nini?"

"Seli shina. Katoni nzima. Goodluck amenitafutia. Zimetoka nje, zimefungwa vizuri, hazina udugu na mtu. Ghanim atakunywa mara tatu kwa siku. Wewe utaolewa, yeye atapona, na mimi nitakufa nimeridhika."

Goodluck, kama hujawahi kumkuta, ana kibanda ghorofa ya chini kwenye jengo hilohilo. Anavaa tai hata kwenye joto la Februari na anajiita mshauri wa afya. Anauza chai ya kupunguza tumbo, soksi za kunyonya sumu, na sasa, kumbe, seli shina.

"Muite," alisema Anfal.

"Wa nini?"

"Nimuulize swali moja. Akilijibu, nakaa humu mpaka kesho na sikusumbui tena."

Bi Hamdiya alimpigia. Ilikuwa saa tano kasoro kumi. Ilipogonga saa tano na robo, Goodluck, aliyekuwa na wateja, akafika anahema, tai imemkaba, pakiti ya mfano mkononi.

"Shikamoo, Bi mkubwa. Dada Anfal, mambo?" Akaliona kufuli. Tabasamu likapungua. "Kuna usalama hapa?"

"Goodluck, hizo seli zimetoka kwenye nini?" Anfal aliuliza.

"Kondo la nyuma la kondoo, dada. Kondoo wa baridi, wa ulaya huko. Kondo lina seli shina kwa wingi, hata hospitali wanajua. Hata damu ya kitovu cha mtoto inahifadhiwa kwa kazi hiyo. Ni sayansi hiyo, si mambo ya mizizi."

"Sawa. Seli ya mtu hospitalini inatunzwa kwenye mtungi wa baridi kali, isife. Hiyo yako umeitunzia wapi?"

"Kwenye shelfu."

"Karibu na dirisha?"

"Kuna kivuli."

"Goodluck, hicho kitu kiko hai?"

Goodluck aliitazama pakiti kama ndiyo anakutana nayo siku ile. Akamtazama bibi, akatazama ngazi.

"Zimekaushwa," alisema. "Ukisema hai, kwa maana ile ya kuhema, hapana. Ni lishe."

"Lishe gani?" Bi Hamdiya aliinuka. "Wewe uliniambia seli shina."

"Zilikuwa, Bi mkubwa. Kabla hawajazikausha."

"Soma hapo nyuma," Anfal alisema. "Maandishi yale madogo. Sauti kubwa."

Goodluck alikohoa. Akasoma kama mtoto aliyeitwa ubaoni: "Bidhaa hii si dawa na haichukui nafasi ya matibabu ya hospitali."

"Sasa Bibi, sikiliza." Anfal aliingiza mikono yote miwili katikati ya nondo, akamshika bibi yake mabega. "Ule uboho wa Ghanim wa zamani, mbovu lakini wake, haupo. Wameuua kwa dawa kusudi, siku sita. Hawawezi kuurudisha. Asipopata wangu, hana chembe ya kuzuia hata mafua. Na hizi seli zilizo kwenye damu yangu zimetoka kwa sindano, zikikosa kuchotwa leo zinarudi zilikotoka. Sista Angela, muuguzi wa Ghanim, alisema mwisho wa kuanza ni saa saba mchana."

"Wameuua?" Bi Hamdiya aliuliza polepole. "Hawakuniambia wameuua. Walisema wanasafisha."

Hilo ndilo kosa lenyewe, msomaji wangu. Daktari alisema kusafisha, na bibi akaona ndoo, brashi na sabuni. Nyumba ikishasafishwa mwenyewe si anarudi kukaa? Hakuna aliyemkalisha chini akamwambia kuwa hapa mwenyewe kauawa.

Bi Hamdiya aliyumba. Goodluck akawahi kumdaka, halafu akamkalisha, halafu, kwa adabu zote, akaanza kushuka ngazi kinyumenyume. Hatumhitaji tena leo.

"Nimemuua mjukuu wangu," Bi Hamdiya alisema.

"Bado hujamuua. Fungua."

Vidole vya bibi vilianza kuhangaika na lile fundo la kanga. Kila alipovuta, fundo likazidi kukaza. Anfal alitamani aling'ate kwa meno. Na hapohapo simu ya bibi ikaita.

Ilikuwa ni Sista Angela. Bibi akaweka sauti ya nje.

"Bibi, Anfal yuko wapi? Simu yake haipokelewi."

"Yuko hapa, sista, tunakuja," Anfal alidakia.

"Usije kwanza. Kuna tatizo. Mgonjwa amekataa."

"Amekataa nini?"

"Amekataa kupokea. Anasema hatumwekei uboho wako. Daktari Anaeli amembembeleza mpaka amechoka. Mtu mzima, akili zake timamu, hatuwezi kumlazimisha. Ameniambia bibi yake alimpigia alfajiri."

Anfal alimtazama bibi. Bibi alitazama sakafu.

"Nilimwambia achague," alisema kwa sauti ya chini. "Uboho wako au wewe. Nikamwambia dawa nyingine ipo, asiogope. Nilimwapia."

Haya sasa. Aliye nje ya geti kafungua moyo, na aliye wodini kajifungia.

"Sista, mpe simu nimwone kwa video."

Uso wa Ghanim ulikuja kwenye kioo cha simu. Hana nywele, hana nyusi, midomo imepasuka. Lakini yale macho yalikuwa ya Ghanim yuleyule, mbishi tangu utoto, aliyewahi kulala njaa siku mbili kwa sababu alisingiziwa kuvunja birika.

"Usinibembeleze," alisema.

"Sikubembelezi. Dawa ya Bibi ni unga wa kondoo. Nimeuona."

"Basi nitasubiri mchangiaji mwingine."

"Hakuna mwingine na hakuna kusubiri. Unalijua hilo kuliko mimi."

"Ghanim mwanangu," Bi Hamdiya aliingilia, machozi yanamtiririka, "nimekosea. Ustadhi amesema hakuna udugu. Pokea."

"Bibi, sasa hivi unasema hivyo kwa hofu. Alfajiri ulisema kwa yakini, uliapa. Kipi nikishike?" Akamrudia Anfal. "Labda ni upuuzi. Labda si upuuzi. Niamke mzima, nikuone unapita, nikuite dada? Nimeiona hiyo kwa Bibi. Mnadhani sikujua? Kila akipita mzee Salum, mkono wake unakoma kwenye mizani. Miaka hamsini. Mimi siwezi."

"Ghanim, utakufa."

"Nitakufa wewe ni mchumba wangu."

Anfal alihisi ukuta wa nyuma na nondo za mbele vimekutana kifuani. Alimpenda mwanaume huyu, na alitamani kumzaba kofi. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika arobaini. Mashine yenyewe inataka muda wa saa nne nzima. Maneno matamu hayakufaa, dini haikufaa, machozi ya bibi hayakufaa. Kilichobaki kilikuwa kimoja, nacho kilimtisha.

Kama kinachomzuia kuishi ni ndoa, basi ndoa iondoke.

"Sikiliza," alisema, na sauti ikatoka kavu, hata yeye hakuitambua. "Wewe unakufa kwa ajili ya harusi ambayo haipo. Mimi sikutaki."

"Acha mchezo."

"Nilitaka upone kwanza ndipo nikwambie. Daktari alisema usipewe presha. Sasa umenilazimisha. Kuna mtu mwingine."

Bi Hamdiya aliziba mdomo kwa kiganja.

"Unadanganya," Ghanim alisema. "Nakujua. Kama yupo, mtaje. Nani?"

Hakuwa na jina. Anayedanganya huja na jina tayari, yeye alikuja mikono mitupu. Akili ilikimbia mtaa mzima ikarudi bila kitu. Na chini, kwa wakati uleule, honi ikapigwa tena, ndefu.

"Ghassan," alisema.

Usimlaumu. Ungekuwa wewe ungemtaja nani?

Macho ya Ghanim yakabadilika. Wiki nane alikuwa mtu anayeaga. Pale akawa mtu mwenye shughuli.

"Mdogo wangu," alisema.

"Ndiyo."

"Ndiyo maana yeye ndiye anayekuendesha kila siku."

Anfal alikubali kwa kichwa, na alijua kisu kinaingia wapi.

"Sista," Ghanim aliita, bila kuondoa macho kwenye kioo. "Leta hiyo karatasi. Niwekeeni huo uboho. Nataka kupona. Nataka nisimame kwa miguu yangu mwenyewe mbele ya Ghassan, nimtazame usoni."

Simu ikakatika. Dakika mbili baadaye ukaingia ujumbe wa sauti wa Sista Angela, haraka haraka: "Ametia sahihi. Njooni sasa hivi, asije akageuza nia. Na Anfal, anaweza kugeuza mpaka dakika ya mwisho, mpaka mfuko utundikwe. Chochote ulichomwambia, usikibadilishe leo."

Fundo likafunguka. Kufuli likafunguka. Anfal akatoka, miguu mizito, akamkumbatia bibi yake kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kumkumbatia.

"Nimemdanganya, Bibi. Nitamwambia ukweli akishapona. Atanisamehe, si ndiyo?"

Bi Hamdiya alimtoa mwilini taratibu, akamwangalia kama anayetafuta kitu usoni mwake.

"Kwa hiyo Ghassan hajakwambia," alisema.

"Hajaniambia nini?"

"Alikuja kwangu Ijumaa. Akasema kama uboho utawafanya ndugu, wewe na Ghanim, basi yeye yuko tayari kukuoa, usitoke nje ya ukoo. Nilimfukuza. Lakini Anfal, yule mtoto hakuwa anatania. Alilia."

Hatua zilisikika kwenye ngazi. Alikuwa Ghassan, amechoka kupiga honi, mkoba wa Anfal mkononi, na ndani ya mkoba simu inamulika. Anfal alifahamu kabla hajaambiwa. Wakati Sista Angela anatuma ujumbe wake, Ghanim alikuwa na simu yake mwenyewe, na mtu wa kwanza aliyemtukana baada ya kutia sahihi hakuwa Anfal.

"Kaka amenipigia," Ghassan alisema. Hakuwa na hasira. Usoni alikuwa na furaha inayoogopa kujionyesha. "Ameniambia ulichosema. Sikukanusha."

"Ghassan, ile ilikuwa ni..."

"Usiseme." Aliinua kiganja. "Ukisema ni uongo, nitalazimika kumwambia. Siwezi kumdanganya kaka yangu akiwa kitandani. Lakini ukisema ni kweli, sitakuwa na la kumwambia. Atapokea mfuko wake, atapona."

Bi Hamdiya alikaa tena kwenye kiti cha plastiki.

"Kwa hiyo nakuuliza mara moja tu, mbele ya Bibi, awe shahidi," Ghassan alisema, na simu tayari ilikuwa mkononi, jina la Ghanim kwenye kioo. "Ulilomwambia kaka ni kweli?"

Saa sita kamili. Muadhini wa msikiti wa mtaa wa pili alikuwa bado hajaadhini, spika ya mashuka ilikuwa inashusha bei, na ndani ya damu ya Anfal uhai wa Ghanim ulikuwa unazunguka, ukisubiri neno moja.

"Ni kweli," Anfal alisema. "Twende."